Tumetumwa Mbeya kwa utumishi: je, mke aajiriwe au abaki katika kazi ya kanisa?

Mgeni wa Uyole ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi na mume wangu tumetumwa na kanisa letu kutoka Tanga kuja Mbeya kulea kusanyiko changa pande za Uyole. Mume wangu ni mwinjilisti, nami ni muuguzi kwa taaluma, ingawa niliacha kazi ili tuhame pamoja. Posho tunayopewa inatosha chakula na kodi ya nyumba, lakini haibakizi kitu cha ada za watoto, na hospitali moja hapa jijini imeonesha nia ya kuniajiri. Wazee wa kanisa hawajanikataza, ila wamesema kwa upole kwamba mke wa mtumishi anatarajiwa kuwapo katika kila ibada, kila ugonjwa na kila msiba, na kwamba zamu za usiku zitaniweka mbali na watu. Naupenda utumishi huu kwa moyo wote na sipendi ionekane kwamba nimefuata ajira. Jambo la pili, majirani wanatusalimu vizuri, hata maparachichi wanatuletea, lakini hatujui kama wanatuhesabu kuwa wenzao au wapita njia. Mliotangulia katika utumishi wa namna hii, mlifanyaje?

Mzee wa Iyunga amejibu:

Karibuni Mbeya, mwanangu. Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalobeba la kwanza. Mji huu umezoea wahamiaji: ulikua enzi za dhahabu ya Lupa kule Chunya, kisha watu wakaongezeka kwa barabara kuu iendayo Zambia na kwa reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975. Wasafwa ndio wenyeji wa milima hii, lakini katika mtaa mmoja utawakuta pia Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha na Wakinga, kwa hiyo ugeni wenu peke yake haumshangazi mtu. Injili nayo ina umri mrefu huku, maana Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wengi mtakaowatembelea ni wajukuu wa watu waliobatizwa. Hawana haja ya kuelezwa kanisa ni nini. Wanataka kujua kama mtakuwapo wanapofiwa.

Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi mjitambulishe, kisha muingie katika michango ya misiba kama wakazi wengine. Usitume mchango halafu ukabaki nyumbani. Jifunge kitenge, pita nyuma ya nyumba ya wafiwa mahali wanapopikia, omba kisu, kalia ndoo iliyopinduliwa na umenye viazi pamoja na akina mama mpaka sufuria lijae. Watakutuma maji kama wanavyomtuma mwenzao yeyote, nawe uende. Mume wako naye akae na wanaume kwenye moto wa nje bila kusubiri kuitwa kuomba. Na marehemu akiwa muumini wa kanisa jingine, mwachieni mchungaji wake aongoze, wala msiutumie msiba huo kualika watu kwenye ibada zenu. Nimeona watumishi wageni wakipoteza jina jema kwa kosa hilo moja.

Mama Mchungaji, Iringa, amejibu:

Shikamoo Mzee. Kuhusu misiba sina la kuongeza. Kuhusu ajira, mdogo wangu, nakusihi usubiri kwanza. Mwanamke mwenye shida nyumbani kwake hamwendei mwinjilisti. Anakuja kwa mke wake, tena saa ambayo hakuna anayemwona, na akikuta mlango umefungwa mara mbili tatu harudi tena. Mwanzo huu ndio wakati wanapojifunza kama mlango wako uko wazi. Suala la ada ni halali kabisa na usilionee haya: liandikieni kanisa lililowatuma. Kama kanisa linataka mume na mke watumike muda wote, na lipange posho ya watumishi wawili.

Muuguzi, Mbalizi, amejibu:

Shikamoo Mama, naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Mimi pia ni mke wa mchungaji na nimeajiriwa. Barua inaweza kukaa mezani muda mrefu huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Dada, omba kupangiwa kliniki ya mama na mtoto, ambayo kwa kawaida hufanya kazi mchana, badala ya wodi yenye zamu za usiku, na uhakikishe leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haijaisha muda kabla ya kusaini chochote. Wazee mwafuate wewe na mume wako pamoja, muwaeleze siku utakazokuwapo na siku usizokuwapo, na makubaliano yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili mnong'ono usianze baadaye.

Niongeze jambo la afya kwa kuwa mmetoka pwani. Juni na Julai baridi ya Uyole ni kali, na nyumba ya bati isiyo na dari hudondosha matone alfajiri. Msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama moto unaonekana umefifia. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na inaua familia nzima usingizini. Nunueni mablanketi mazito.

Mgeni wa Uyole amejibu:

Shikamooni wazee wangu, na asanteni nyote. Tumeamua kuomba kikao na wazee wa kanisa, na hospitalini nitaulizia kliniki kabla ya kukubali lolote. Mama, barua ya posho tuitume moja kwa moja Tanga, au ipitie kwa wazee wa hapa?

Mama Mchungaji, Iringa, amejibu:

Marahaba, mwanangu. Ipitie kwa wazee wa hapo, tena waombeni waweke sahihi zao. Makao makuu wataipa uzito zaidi wakiona kwamba ombi limetoka kwa kusanyiko mnalolilea.