Fundi kamwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, sasa ananiambia "nyabo, gari hizi hazina stiki" (ya kupimia oili)

Mods, naomba msiuhamishie huu uzi kwenye jukwaa la magari. Kule nitajibiwa na wauza oili. Nataka wausome wenye magari, hasa tulioko Kampala tunaoacha funguo gereji na kwenda kunywa chai.

Kwa wasiopenda kusoma: Ijumaa nilipeleka gari kumwaga oili. Jumamosi asubuhi nikakwama Nsangi, njia ya Masaka, na gari linalofuka kama tanuri la mkaa. Oili ya injini haikumwagwa hata tone, iliyomwagwa ni ya giaboksi. Halafu juu ya oili ya injini iliyokuwemo, akamimina nyingine mpya. Mwenye haraka aishie hapo.

Gari ni Subaru Forester ya 2013, ile ya CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kawaida. Nilikuwa nakwenda Bukoba kwenye arobaini ya shangazi, kupitia Masaka na Mutukula, na mimi si mtu wa kushika safari ndefu kabla gari halijakaguliwa. Nikalipeleka Ndeeba, hapa hapa Kampala. Gereji yenyewe siitaji, maana najua kitakachofuata: mtaanza kubishana kama ni nzuri au mbaya na shida yangu isahaulike.

Kijana akaingia chini ya gari. Mimi nilikuwa nimekalia tairi kuukuu, hatua tatu kutoka pale, naona. Akafungua nati, oili ikaanza kushuka kwenye karai. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu niliona. Oili iliyokaa kwenye injini kilomita elfu sita hutoka nyeusi tii. Hii ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikamuuliza, "Ssebo, mbona safi hivi?" Akajibu bila hata kutoa kichwa, "Nyabo, unatumia oili nzuri."

Nikafurahi kusifiwa. Mjinga mimi.

Filta ya injini hii iko juu, ukifungua boneti unaiona hapo mbele. Akaifungua, akafunga mpya, kazi ya dakika mbili. Kwenye magari ambayo filta iko chini, angalau fundi angejiuliza mbona bado inatiririka oili nyingi namna hii. Huku juu hakuna cha kumshtua. Akamimina galoni ya lita nne, akaongeza na nusu lita kutoka kopo jingine. Akachomoa stiki mara moja, hakuifuta, akaitazama kwa jicho moja huku anaongea na simu: "Fulu, nyabo."

Ilikuwa fulu kweli. Kwa hilo sitamsingizia.

Nikalipa shilingi laki mbili na nusu, nikarudi nyumbani polepole kwenye foleni. Ile harufu nikasema ni oili iliyomwagikia injini wakati anafungua filta, itaungua iishe. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu niko barabarani. Kufika Busega naona gari zito. Nakanyaga, mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, unapanda, mwendo hauongezeki. Kunaanza sauti ya kulia, nyembamba, kama mbu aliyeingia sikioni. Kwenye mlima kabla ya Nsangi taa ya AT OIL TEMP, ile ya joto la oili ya giaboksi, ikawaka, nikatazama kioo cha nyuma sioni barabara, moshi tu. Wa bluu. Nikasogea pembeni, nikazima. Nilipojaribu kuwasha tena nikaweka D, gari likakaa pale pale kama limepigwa msumari.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa lori, namba za Tanzania, alikuwa anatoka kushusha mzigo mjini. Hakuuliza hata swali. "Fungua boneti, mwanangu. Gari liko tambarare hapa?" Liko. "Umezima muda gani?" Kama robo saa. "Basi oili imeshateremka yote." Akachomoa stiki ya njano, akaomba kitambaa, nikampa ile kanga niliyokuwa nimejitanda. Akaifuta mpaka ikang'aa, akairudisha mpaka mwisho, akaichomoa tena, akailaza mbele ya macho yangu.

Wale msiowahi kuitazama: kuna alama mbili chini kabisa. Kati ya ya chini na ya juu ni kama lita moja hivi kwenye magari mengi. Oili inatakiwa iwe katikati ya hizo mbili, au iguse ya juu. Ya kwangu ilikuwa imepita alama ya juu, ikapanda na kupanda, karibu urefu wa kidole changu cha shahada. Mzee akasema, "Mwanangu, hapa kuna oili za magari mawili."

Akanieleza kwa nini moshi. Oili ikizidi hivyo, krenki inaifikia inapozunguka na kuichapa kama mtu anayepiga mayai. Inakuwa povu. Povu halilainishi chuma, na nyingine inasukumwa kupitia njia za hewa hadi kwenye silinda, inaungua, unaiona kwenye egzosi. Na ile taa nyekundu ya oili ambayo sote tumefundishwa kuiogopa? Haikuwaka. Taa ile inasoma presha, haisomi kiasi. Waliozoea kusema "si taa ingewaka" naomba muisome sentensi hiyo mara mbili.

Sasa njooni kwenye giaboksi, maana hapo ndipo presha yangu mimi inapanda.

Nimempigia fundi, amekuja na boda saa tatu kasoro. Mkononi ana kopo la haidroliki nyekundu, ile oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida inayouzwa dukani. Anataka kuitia kwenye CVT "nifike Masaka". Nikamwambia hapana, CVT ina oili yake, ndani kuna mnyororo unaobanwa na puli mbili na oili ndiyo inayoufanya ushike usiteleze. Akanitazama kama vile nimetukana. Nikamuuliza, hata kama ningekubali, utajuaje imetosha? Ndipo akanipa lile jibu la kichwa cha uzi. "Nyabo, gari hizi hazina stiki. Giaboksi yake haipimwi. Oili yake ni ya maisha."

Ya maisha ya nani?

Kabla ya hili nilikuwa na Forester ya 2005. Ile ilikuwa na stiki tatu, naapa, tatu: ya injini, ya giaboksi, na nyingine ya difu ya mbele. Mtu yeyote mwenye macho na tambara angeweza kujua gari lina nini na limepungukiwa nini. Hii ya sasa imebaki stiki ya injini, ya giaboksi wameiondoa. Na si kampuni moja, ni magari mengi sana yaliyotoka baada ya miaka ya 2000. Shemeji yangu ana Mercedes ya zamani kidogo, bomba la stiki ya giaboksi lipo, mfuniko upo, ukifungua ndani hakuna stiki! Eti stiki anayo fundi wa kampuni. Kuna BMW ambazo hata ya injini hazina, unasubiri kompyuta ikuambie, na kompyuta nayo inataka injini iwe imepata moto kwanza. Ukinunua gari bondi, kwenye yadi za magari kutoka nje, pale Nakawa unapewa na kitabu cha Kijapani cha kurasa mia tano, mimi nasoma picha.

Lakini kutokuwa na stiki si sawa na kutopimwa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Inapimwa! Fundi mwingine, mtu wa makamo, aliyekuja jioni kuliangalia gari, alinieleza hatua zote na nimeziandika nyuma ya risiti. Gari linanyanyuliwa likiwa sawa pande zote, si jeki ya mbele tu. Injini inawashwa, mguu kwenye breki, unapitisha gia zote kisha unarudi P. Unachomeka mashine ya kusomea kompyuta, unasubiri oili ya giaboksi ifike joto linalotakiwa, kwa gari hili ni nyuzi 35 hadi 45. Ikifika hapo, injini ikiwa bado inanguruma, unafungua nati ya kipimo kule chini. Ikichuruzika kidogo kidogo, imetosha. Isipotoka kitu, ongeza mpaka ichuruzike. Ukipima ikiwa baridi utajaza kupita kiasi, kwa sababu oili ya baridi imesinyaa. Ukipima ikiwa imechemka itamwagika nyingi ubaki na upungufu. Ni hivyo tu. Inataka subira na ile mashine.

Fundi wangu wa Ijumaa hana mashine. Ana spana, na simu anayoongea nayo huku anatazama stiki.

Jioni hiyo tulimwaga oili ya injini, ile ya kweli, kwa nati ya kweli, ambayo iko mbele zaidi ya ile aliyoifungua yeye. Nilisimama hapo hapo nikapima kwa jerikeni la lita tano. Likajaa. Tukaleta la pili, likajaa karibu lote. Lita tisa na ushee zilitoka kwenye injini inayobeba karibu lita tano. Nyeusi zimechanganyika na mpya, zina povu juu kama pombe ya kienyeji. Nimepiga picha. Nimemtumia. Amejibu kwa alama ya dole gumba, mpaka leo sijui alikuwa anakubali nini.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kwa nini sikusimamia kazi. Nilisimamia! Nilikuwa hatua tatu. Kusimamia hakusaidii kama hujui nati ipi ni ipi. Na wewe uliyeandika "wanawake na magari", mzee wa lori ni mwanamume na fundi ni mwanamume, chagua unayemtetea.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kama giaboksi imekufa, bado hatujui. Iliendeshwa zaidi ya kilomita kumi na tano ikiwa imemwagwa zaidi ya lita nne. Haikukauka, nyingine hubaki ndani, lakini ilikuwa inavuta hewa. Tutaijaza oili yake halisi, tuipime kwa joto lake, tuitembeze tuisikilize. Ikiendelea kulia, giaboksi ya kutoka Japani pale Kiseka, soko la vipuri, nimetajiwa milioni nne na nusu. Mwenye gereji amekubali kuchangia laki tatu "kwa ubinadamu". Nimemwambia sitaki ubinadamu, nataka hesabu kwenye karatasi, na karai lile lisiguswe.

Arobaini nimeikosa. Wamenipigia video wakati wa dua, mtandao ukakatika.

Sasa naomba kitu kimoja. Nani hapa Kampala anamjua mtu mwenye mashine ya kusoma joto la giaboksi ya CVT, na mwenye lifti inayonyanyua gari likiwa sawa? Awe Bugolobi, awe Mukono, nitalivuta hadi huko. Ukinielekeza kwa mtu, tafadhali kwanza muulize anapima kwa nyuzi ngapi. Akikujibu "hizi hazipimwi", usinitumie namba yake.