Mwenyekiti wa kitongoji: tumpe kura kwa lami au kwa orodha?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Tarehe 27 Novemba 2024 tunapiga kura, kampeni zimebaki siku nne, na mimi sijaamua.

Mji wetu ni mji mdogo, ule unaotajwa kwenye sheria: Mamlaka ya Mji Mdogo, chini ya halmashauri ya wilaya. Wengi hapa hatujui kwamba kwenye mji wa namna hii mwenyekiti wa kitongoji haishii kitongojini. Wenyeviti wa vitongoji wakikaa pamoja ndio wanaokuwa baraza la mji. Ukimchagua wa kukugongea muhuri, umejichagulia na diwani mdogo bila kujua.

Jana nilikwenda kuwasikiliza pale uwanja wa gulio. Mgombea wa kwanza akaahidi lami hadi zahanati. Wa pili naye akaahidi lami hadi zahanati, akaongeza na taa. Watu wakapiga makofi mara zote mbili. Mimi nikabaki najiuliza hiyo lami ataitoa wapi. Barabara za mitaani na vijijini tangu 2017 ziko TARURA. Maji ya vijijini na miji midogo yako RUWASA tangu 2019. Umeme ni TANESCO. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003, na ile asilimia 20 ya ruzuku tunayoambiwa hushuka chini kutoka halmashauri, aliyewahi kuiona kitongojini kwake anyooshe mkono.

Sasa mwenyekiti ana nini? Ana muhuri na ana mdomo. Anasema "huyu ni mkazi wangu, namfahamu", au "huyu hana kitu". Basi. Kwa maneno hayo mtu anapata dhamana polisi, anafungua akaunti benki, kikundi kinaomba mkopo wa halmashauri, mzee asiyejiweza anatibiwa bure, na kaya inatajwa kwenye mkutano wa TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Kama kuna mamlaka ya kweli kwenye kiti kile, ni hiyo, na hakuna mgombea hata mmoja aliyeigusa.

Nina sababu ya kulisema hili. Nina jirani, bibi wa miaka sabini na ushee, analea wajukuu watatu. Mkutano wa kutaja kaya maskini ulitangazwa asubuhi, ukafanyika mchana, tena siku ya gulio. Bibi alikuwa gulioni na mikungu yake miwili ya ndizi. Hakutajwa. Na mimi nilikuwepo pale chini ya mwembe. Nikanyamaza, nikijua mwenyekiti atamtaja, maana nyumba yake wanaangaliana mlango kwa mlango. Hakumtaja.

Hoja yangu ni kwamba lami tuiache. Tuwaulize orodha ya kaya maskini inaandikwaje, mkutano unatangazwa siku ngapi kabla, na muhuri ni bei gani. Nipingeni kwa hoja.

Bodaboda wa stendi

Mkuu, nakupinga kweupe. Wewe unatembea kwa miguu, ndiyo maana lami unaiona ni anasa. Masika yakianza, kile kipande cha kwenye korongo kinageuka bwawa. Mjamzito akishikwa na uchungu saa nane ya usiku anapigiwa nani? Mimi. Tunashuka, nakokota pikipiki, yeye anatembea kwenye tope ameshikilia bega langu. Orodha haimbebi mtu.

Na hilo la kwamba mwenyekiti hana la kufanya kwenye barabara si kweli. Hajengi, sawa. Lakini kuna mwenyekiti anayekwenda ofisini kwa wahusika Jumatatu, akirudishwa anakwenda Jumatano. Kitongoji cha jirani greda limepita mara mbili, kwetu halijafika. Bajeti yao na yetu si ni moja? Tofauti ni soli za viatu vya mwenyekiti. Halafu kuna msaragambo. Mara ya mwisho sisi kuzibua mitaro kwa pamoja ni lini? Hilo halihitaji fungu, linahitaji mtu ambaye akipiga filimbi watu wanatoka.

Mjumbe mstaafu

Vijana, nimekaa kwenye kamati miaka kumi, nipeni nafasi.

Mleta mada anaongea kana kwamba mwenyekiti ana daftari lake la maskini mfukoni. Hana. Wananchi wanataja kaya mkutanoni. Wawezeshaji wanapita nyumba kwa nyumba na dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, mnakula milo mingapi, mna mifugo. Majina yanakwenda juu, mfumo unakokotoa, yanarudi, yanasomwa tena mbele ya mkutano. Yanarudi machache kuliko yaliyokwenda. Aliyekosa hawezi kuugombeza mfumo, anamgombeza mwenyekiti.

Nakumbuka mama mmoja, mwanawe alimwezekea mabati, akafariki mwaka uleule. Mama amebaki na mabati na njaa. Dodoso linaona mabati. Mimi nilisema mkutanoni, nikaandika hadi kwenye karatasi ya maoni. Hakurudi kwenye orodha. Alinigeuzia mgongo msibani, mwaka mzima hatukusalimiana.

Pili, mwenyekiti hana mshahara. Ana posho ikipatikana, na mara nyingi haipatikani. Wa kwetu alikuwa fundi baiskeli. Muhuri alikuwa anauweka kwenye soksi ya mtoto, ndani ya boksi la spoku. Ukija na barua anafuta grisi mkononi, anaupulizia muhuri pumzi, anagonga juu ya paja. Ukimwachia elfu mbili ya wino, unamwita mla rushwa? Wino ananunua nani?

Mama Wawili

Mzee wangu shikamoo, lakini la wino umelipitisha haraka mno.

Elfu mbili ni ya wino, haya. Nilipouza kipande cha shamba nilichoachiwa na baba ili nimlipie mtoto ada, mwenyekiti wa huko alikaa kwenye mkeka kama shahidi, akasaini, kisha akasema "na ile ya ofisi". Ya ofisi ni asilimia kumi ya bei. Risiti? Akacheka. Wakubwa wameshakemea hadharani zaidi ya mara moja kwamba hakuna sheria ya hiyo kumi, na bado inatozwa.

Kwa hiyo hapa kwetu kuna asilimia kumi mbili. Moja iko kwenye sheria: halmashauri inatenga kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuibua vikundi hewa na madeni yasiyorudi, na mwaka huu ndiyo imetangazwa kurudi. Nyingine haiko popote kwenye sheria na haijawahi kusimamishwa hata siku moja. Mgombea aniambie atafanya nini na hiyo ya pili, nitampigia kampeni bure.

Na hivyo vikundi hewa, jamani, kila kimoja kiliombewa mkopo kwa barua ya utambulisho. Ya nani? Muhuri haujigongi.

Mjumbe mstaafu

Marahaba binti yangu. Hiyo kumi ya viwanja siitetei. Wa kwetu hakuichukua. Au alichukua nikiwa sipo.

Mtu wa Unguja

Nawasoma nikiwa huku Zanzibar, nanyi mna tatizo ambalo sisi tumeliruka kwa mlango mwengine.

Kwetu sheha, aliye kama mwenyekiti wenu, hachaguliwi, anateuliwa, kwa hiyo hiyo starehe ya kampeni hatuna. Lakini Pensheni Jamii tangu Aprili 2016 ni umri tu. Umefika miaka sabini, ni mkaazi, unalipwa. Ilianza elfu ishirini kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi elfu hamsini. Hapana anayehesabiwa mabati wala anayetajwa chini ya mwembe. Bibi yako mwenye ndizi angekuwa huku, angechukua chake na ndizi akauza vilevile.

Nyinyi mnatafuta mwenyekiti mwema wa kushika orodha. Mimi nasema orodha yenyewe ndiyo ubaya. Mnyang'anyeni mwenyekiti kazi hiyo, kisha mchagueni kwa lami mkitaka.

Jirani wa Taveta

Mtu wa Unguja, polepole. Kwetu Kenya pia posho ya wazee ya Inua Jamii ni umri, sabini na zaidi, shilingi elfu mbili za Kenya kwa mwezi. Chifu wetu naye hachaguliwi. Lakini umri pekee haujamaliza maneno. Kuna vipindi pesa imechelewa miezi, nyanya anaenda kwa ajenti wa benki anaambiwa rudi wiki ijayo. Kuna ambaye kitambulisho kinasema ana sitini na tano, na mtoto wake wa kwanza ana hamsini na tano. Nani atamsemea? Ni yuleyule mzee wa mtaa anayemjua. Mtu wa kusema "huyu namfahamu" hutamkwepa.

Magurudumu Matatu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka kuwe na kamati ya watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Hapa kwetu sijawahi kuisikia imekaa. Nilipouliza niliambiwa mimi ndiye katibu. Nilikuwa sijui.

Mikutano mingine inafanyikia ghorofani, jengo halina njia ya baiskeli ya mlemavu. Bodaboda, nipo na wewe kwenye barabara. Mleta mada, nipo na wewe kwenye orodha. Kuchagua kimoja kati ya viwili ni mchezo wa watu wenye miguu.

Ndiyo na Hapana

Hongereni nyie mnaojadili mgombea yupi. Kitongojini kwetu wapinzani wote wameenguliwa, mmoja kwa sababu fomu yake haikuandikwa sawasawa jina la kazi yake. Amebaki mmoja, tunapiga kura ya ndiyo au hapana. Vipaumbele vyake sijavisikia kwa sababu hajaja kuomba. Aje kufanya nini?

Bodaboda wa stendi

Pole mkuu. Piga hapana basi.

Ndiyo na Hapana

Nitapiga. Nitakuwa na mke wangu, tutakuwa wawili.

Mleta mada

Narudi, wakuu. Leo nimekwenda tena uwanjani na nimeuliza.

Kwanza nakiri Bodaboda kanisogeza kidogo. Anayeweza kwenda ofisini Jumatatu na Jumatano kwa ajili ya greda, huenda ndiye atakayekwenda kwa ajili ya mama wa mabati. Ni soli zilezile. La Unguja limenikaa kichwani usiku kucha, ila halimo kwenye karatasi ya kura ya Jumatano hii, na mkutano mwingine wa kutaja kaya utaitishwa na mmoja wa hawa wawili. Kwa hiyo nikauliza maswali yangu matatu.

Mgombea wa kwanza alisema hilo ni suala la kitaalamu, atalichukua, akarudi kwenye lami.

Wa pili alishuka jukwaani. Akasema mkutano atautangaza siku saba kabla, na tangazo litabandikwa stendi, zahanati na kwenye milango ya msikiti na kanisa. Siku ya gulio hataitisha mkutano. Barua ni bure, wino atanunua mwenyewe. Watu wakashangilia. Kisha akaniuliza, kwa kipaza sauti:

"Kaka, ule mkutano ulioruka jina la bibi, wewe ulikuwepo?"

Nikasema nilikuwepo.

"Ulisema nini?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Hata muuza kashata aliacha kuhesabu chenji.

Mama Wawili

Huyo ndiye. Mpe kura, tusipotezeane muda.

Mjumbe mstaafu

Na mimi namkubali. Anajua mkutano ni wa nani. Ni mtoto wa ukoo gani huyo?

Mleta mada

Ukoo siujui, mzee. Kazi yake ninaijua. Ni dalali wa viwanja.

Mama Wawili

Ngoja kwanza.