Kuseti taimingi ya injini ya boti: balbu, taa ya taimingi au sikio?

Mvuvi wa Tudor
Asalaam aleikum wanabahari. Nina boti ya faiba yenye injini ya zamani ya petroli, Mercruiser 140 ya lita 3.0, silinda 4, distribyuta (kigawa cheche) ya pointi, vile vidude vinavyofunguka na kufunga umeme wa koili. Nataka kuseti taimingi, yaani wakati cheche inapopiga. Wiki iliyopita nilibadilisha pointi na kondensa, na tangu hapo haina nguvu. Nikifika chini ya daraja la Nyali hapa Mombasa nikaongeza moto, pua yainuka tu, boti haipandi juu ya maji. Fundi mmoja asema ataseti kwa sikio, mwingine kwa balbu, na shemeji yangu anihimiza ninunue taa ya taimingi. Nifuate lipi?

Fundi wa Mtongwe
Waaleikum salaam ndugu yangu. Pengo la pointi uliliweka sawa kabla hujagusa taimingi? Likiwa pana, pointi hufunguka mapema na cheche huwahi; likiwa dogo, cheche huchelewa. Anza na pengo, ndipo uje kwenye taimingi. Ukigeuza mpango huo utarudia kazi.

Mimi huanza na balbu kwa sababu injini haihitaji kuwaka. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana kufuata mzunguko wa injini mpaka upepo usukume kidole. Endelea polepole hadi alama ya puli ifike kwenye digrii zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini yako, si za gari. Chomoa waya mnene wa koili, uubane kwenye chuma cha injini. Kisha balbu ya volti 12: waya mmoja kwenye nguzo ya koili inayokwenda kwa distribyuta, wa pili kwenye chuma cha injini. Washa swichi. Zungusha distribyuta taratibu kutoka pale balbu imezimika. Inapowaka tu, pointi zimefunguka. Kaza hapo hapo, uzime swichi, koili isiungue.

Kumbuka distribyuta huzunguka nusu ya krenki. Ukiisogeza digrii 1, taimingi imehama digrii 2.

Mzee wa Bandari ya Kale
Sisi twaseti kwa sikio tangu ujana wetu. Isogeze taimingi mbele, cheche iwahi, mpaka injini ichangamke, kisha irudishe kidogo. Yatufikisha nyumbani.

Fundi wa Mtongwe
Shikamoo mzee wangu. Baharini, pointi zimeteleza na giza laingia, mimi pia ningetumia sikio. Lakini injini isiyo na mzigo hupenda taimingi ya mbele kuliko itakayoivumilia ikibeba mzigo. Gari hupata mteremko likapumzika; boti ni kama lori linalopanda mlima wa Mazeras kutwa nzima. Ikianza kugonga, kelele za maji na eksoza zafunika mlio ule wa kugonga, na utakapojua pistoni imeshatoboka.

Binti Kizingo
Nakubaliana na fundi kuhusu sikio, ila balbu nayo ina upofu wake: haioni injini ikizunguka. Ndani ya distribyuta mna vyuma vidogo vya uzito vinavyosogeza cheche mbele kasi ikipanda. Chumvi yetu huvikwamisha. Balbu itakwambia kila kitu kiko sawa, na injini bado ni mgonjwa.

Taa ya taimingi, inayomulika alama ya puli kila cheche inapopiga, huonyesha hayo. Safisha alama ya puli, ipake rangi nyeupe, bana kishikio kwenye waya wa plagi ya kwanza, injini ikiwa imepata moto na inazunguka polepole kama kitabu kinavyotaka. Ongeza kasi: alama isogee kwa ulaini, na ukipunguza irudi palepale. Ikiwa boti iko nchi kavu, funga mpira wa maji kwenye mguu (sehemu ya nje yenye propela) kabla ya kuwasha, la sivyo impela ya pampu ya maji itaungua.

Na tafadhali, fungua kifuniko na uendeshe feni ya chumba cha injini angalau dakika 4 kwanza. Mvuke wa petroli hutulia chini, na kazi hii yote ni ya cheche.

Wengine huseti kwa geji ya vakyumu, kipimo cha mvuto wa hewa ndani ya injini; hiyo sikushauri kwa boti. Inafuata injini isiyo na mzigo, kosa lile lile la sikio.

Mvuvi wa Tudor
Ahsanteni. Pengo lilikuwa dogo mno, nimelirekebisha. Nikaseti kwa balbu, injini ikawaka mara moja, lakini nguvu ilirudi nusu. Jana nikaazima taa: nikiongeza kasi, alama haikusogea hata kidogo. Nimefungua distribyuta, vile vyuma vimeshikana kwa kutu.

Binti Kizingo
Visafishe, tia tone la oili, tazama springi kama bado zavuta, kisha upige taa tena kabla hujatoka Tudor.

Mvuvi wa Tudor
Nimefanya leo asubuhi. Alama yapanda na kurudi. Boti imepanda juu ya maji kabla ya daraja.