Mwanangu wa miaka 14 ameitwa kwenye kundi la chipukizi la kaunti: tupime nini kabla ya kukubali?

Mama wa Sunderland

Salaam kwenu ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 14, ni mrushaji wa mpira wa kasi katika kriketi, na tangu tuhamie huku kaskazini-mashariki mwa Uingereza kutoka Nairobi amekuwa akichezea klabu ya mtaani. Sasa makocha wa vijana wa Durham wamemwalika kwenye kundi la chipukizi, ambalo ndilo mlango wa kuingilia akademi ya klabu hiyo ya kulipwa. Nimefurahi sana, lakini kabla ya kutia saini ningependa kuelewa akademi humpa mtoto kitu gani ambacho klabu ya mtaani haiwezi kumpa, na ni nani atakayeulinda mwili wake pamoja na masomo yake, kwa kuwa tunajua kwamba wanaoingia ni wengi na wanaopata mkataba ni wachache mno.

Kocha wa Vijana, Leicester

Dada, hongera kwa kijana. Kwa kuwa ni mrushaji wa kasi, naomba nianze na mgongo. Kila anapoachia mpira, mguu wake wa mbele hutua kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na papo hapo kiuno kinapinda na kujizungusha. Kwa kijana ambaye mifupa yake bado inakua, marudio ya jambo hilo bila mapumziko huweza kutia ufa katika mfupa wa uti wa mgongo, na ufa wa aina hiyo humweka mchezaji nje kwa miezi mingi. Ndiyo maana chama cha kriketi cha Uingereza kimekuwa na mwongozo wa ova (ova moja ni mirusho sita ya mpira) kwa kila umri: kwa miaka mingi wa chini ya miaka 15 wamewekewa kikomo cha ova 6 kwa mfululizo mmoja na ova 12 kwa siku, na baada ya kila mfululizo lazima wapumzike kwa idadi ileile ya ova kutoka upande ule waliokuwa wakirushia.

Tatizo ni kwamba mtoto mwenye kipaji huchezea shule Jumatano, klabu Jumamosi na kaunti Jumapili, kila kocha akihesabu ova zake tu. Akademi nzuri huwa na daftari moja linalojumuisha michezo yote na mazoezi ya nyavuni pia. Waulize ni nani anayelishika daftari hilo, na kama ana mamlaka ya kumwambia kocha wa shule kwamba wiki hii mtoto harushi. Wakikosa jibu la moja kwa moja, jihadhari.

Mfuatiliaji wa Kaunti, Mombasa

Mama, kijana wako ameitwa mahali penye historia nzito ya kulea vipaji. Durham iliingia daraja la kwanza, yaani ngazi ya juu ya kriketi ya kaunti, mwaka 1992, ikawa kaunti ya 18 na ya kwanza kuongezwa tangu Glamorgan mwaka 1921. Kabla ya hapo kijana wa huko mwenye kipaji alilazimika kuhama; Colin Milburn, aliyezaliwa Burnopfield huko Durham, aliicheza kriketi yake ya kaunti Northamptonshire. Klabu ilipopata hadhi yake, ilianza kuwategemea watoto wa nyumbani kwa dhati, nao wakaipa ubingwa wa kaunti mwaka 2008, 2009 na 2013.

Ben Stokes, nyota wa kriketi wa Uingereza, alifika Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, kutoka New Zealand akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akacheza klabu ya Cockermouth kabla ya kupitia akademi ya Durham, na mwaka 2009, akiwa na miaka 17, alikuwa tayari katika timu ya wakubwa. Lakini ningekuomba umtazame zaidi Mark Wood wa Ashington, kwa sababu ni mrushaji wa kasi kama mwanao. Wood alianza mechi za daraja la kwanza akiwa Durham mwaka 2011, akiwa na miaka 21, na akaichezea Uingereza mechi yake ya kwanza ya Test (mechi ya kimataifa ya siku tano) mwaka 2015, baada ya majeraha ya mara kwa mara. Klabu isiyo na subira ingemwacha njiani, na kwa maoni yangu subira hiyo ndiyo sifa kuu ya kutafuta katika akademi yoyote.

Mwalimu, London

Naongeza suala la shule. Ripoti ya tume huru kuhusu usawa katika kriketi, iliyotolewa Juni 2023, ilieleza bayana jinsi njia ya vipaji, yaani mfumo wa kuwalea vijana hadi timu za kulipwa, inavyowapendelea watoto wa shule za kulipia, ambao ni takribani asilimia 7 tu ya wanafunzi nchini, na ikapendekeza ada za kushiriki katika njia hiyo ziondolewe. Kwa hiyo usione haya kuuliza nani atalipia vifaa, usafiri na kambi za majira ya baridi. Na ukishawishiwa kumhamishia mtoto shule yenye viwanja vizuri, uliza kwanza ufadhili utakuwaje akiumia au akiachwa. Kuna pia mpango wa ACE, ulioanzishwa na klabu ya Surrey mwaka 2020 kwa ajili ya vijana weusi, ambao sasa unajitegemea.

Mama wa Sunderland

Asanteni sana. Je, akiingia aiache klabu ya mtaani?

Kocha wa Vijana, Leicester

Hapana, dada. Katika mazoezi ya kaunti atarusha mbele ya makocha na kamera, akisahihishwa hatua za kukimbilia na mkao wa kifundo cha mkono, ila Jumamosi kwenye ligi atakabiliana na mtu mzima wa miaka 35 anayejua kuusubiri mpira mbaya. Huko ndiko atakakojifunza kupanga ova nzima, na kuvumilia pale mpira unapodondoshwa na mwenzake. Waombe makocha wa kaunti na wa klabu wakutane nawe pamoja kabla ya Aprili, msimu haujaanza, wakubaliane mbele yako ni mechi zipi atacheza na zipi atapumzika.