Mrejesho: urefu wa kufunga paneli ya breka

Habari wadau. Niliuliza paneli ya breka (boksi la swichi zinazokata umeme wa nyumba) inaruhusiwa kufungwa juu kiasi gani, kwani fundi alitaka kuipandisha juu kabisa ukutani, maana besimenti yetu hapa Ohio, Marekani, huingia maji masika. Asanteni kwa majibu.

Ukaguzi umepita. Kwa kanuni za umeme za Marekani (NEC), kikomo cha juu ni futi 6 na inchi 7, karibu mita 2 kutoka sakafuni. Aliyenijibu kuwa kinachopimwa ni mkono wa breka (kile kipande unachosukuma kuwasha au kuzima), si ukingo wa boksi, alikuwa sahihi kabisa. Mkaguzi aliweka futi kamba katikati ya mkono wa breka kuu, ukiwa umeelekea juu, akasoma futi 6 na inchi 4. Boksi lenyewe limepita hapo na hakulijali. Kima cha chini hakuuliza. Kanuni hiyo haikiweki kwa nyumba ya kawaida kama yetu. Nilipomtajia kupanda kigoda ili uifikie breka, alicheka tu.

Kilichotusumbua ni mashine ya kufulia! Mbele ya paneli panatakiwa pawe wazi inchi 36 kwenda mbele na inchi 30 kwa upana, kuanzia sakafuni. Ikabidi ihamishwe, na rafu ya rangi chini ya paneli ing'olewe. Mke wangu bado ananuna kuhusu hiyo rafu.

Mlio Uingereza msiige vipimo hivi. Huko kwa nyumba mpya mwongozo unataka swichi za boksi la breka ziwe kati ya milimita 1350 na 1450 kutoka sakafuni.