Faida ya filamu iliyojaza kumbi: je, saini imfunge msanii hata hesabu zikimdhulumu?

Hoja ninayoiweka mbele yenu inamhusu mwandishi au mtayarishaji aliyeahidiwa asilimia ya faida halisi ya filamu, yaani kinachobaki baada ya gharama zote kukatwa, ambaye baadaye anaonyeshwa hesabu za hasara ilhali filamu hiyo imejaza kumbi duniani kote. Je, aambiwe kwamba saini yake imemfunga, au mahakama iwe na mamlaka ya kutengua masharti yenyewe? Mimi nashikilia kwamba mahakama iwe na mamlaka hayo.

Mwaka 1983 studio ya Paramount ilinunua wazo la mwandishi wa magazeti Art Buchwald kuhusu mtawala wa Kiafrika anayezuru Marekani. Wazo hilo liliwekwa kando, kisha mwaka 1988 ikatoka filamu ya Coming to America, aliyoicheza Eddie Murphy, na Buchwald hakutajwa. Alifungua kesi pamoja na mtayarishaji Alain Bernheim, na mwaka 1990 mahakama ya Los Angeles ikaamua kwamba filamu ilitokana na wazo lake. Alipodai fungu lake, Paramount ilijibu kwamba ingawa ilikuwa imekwisha kuingiza dola milioni 125, kwa kanuni za mkataba faida halisi haikuwapo.

Inafaa tuone jinsi jibu hilo lilivyopatikana. Fedha zinazoifikia studio, baada ya wenye kumbi kuchukua chao, hukatwa kwanza ada ya usambazaji ambayo studio hujilipa yenyewe, kisha gharama za kutengeneza na kutangaza filamu. Juu ya gharama hizo iliongezwa asilimia 15 kwa upande wa utengenezaji na asilimia 10 kwa upande wa matangazo, ikitajwa kuwa ni gharama za uendeshaji wa ofisi, bila kulingana na matumizi ya kweli. Ikafuata riba, nayo ilitozwa hata juu ya nyongeza hizo, na hata juu ya malipo ya nyota waliokuwa na nguvu ya kudai fungu lao katika mapato ghafi, yaani mapato kabla ya makato hayo. Jaji Harvey Schneider aliona kwamba masharti kadhaa ya aina hii yalivuka mpaka wa haki, na mwaka 1992 akaamuru Buchwald alipwe dola 150,000 na Bernheim 750,000.

Wapo wanaopinga, na hawakosi msingi. Mwaka 1994, katika kesi ya watayarishaji wawili wa filamu ya Batman ya 1989, jaji mwingine wa Los Angeles alikataa kuyatengua masharti yanayofanana na hayo. Watetezi wa studio huongeza kwamba filamu nyingi huanguka, na filamu ikianguka hakuna mwandishi anayetakiwa kurudisha ujira wake. Nakubali kwamba anayebeba hasara anastahili fungu kubwa. Nisichokikubali ni fungu hilo kuandikwa kama gharama, kwa sababu hapo mwenye asilimia hawezi kujua alichouziwa mpaka filamu itoke na hesabu zifungwe. Studio inayotaka kubaki na karibu mapato yote ina njia ya wazi: iandike asilimia ndogo ya mapato ghafi, naye mwandishi aikubali au aikatae akiwa anaiona.

Wala si kweli kwamba sheria ikiingia hapa biashara itakufa. Tangu mwaka 2002 sheria ya Ujerumani inamruhusu msanii kudai nyongeza pale ujira wake unapopishana mno na mapato ya kazi yake, na Jost Vacano, mpiga picha wa filamu ya Das Boot, aliitumia sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya nao uliweka haki ya namna hiyo katika agizo lake la hakimiliki.

Kwa hiyo nawaomba wanaosema mkataba ni mkataba watueleze jambo moja: ni kwa msingi gani wa haki mwandishi atozwe riba juu ya gharama ya ofisi ambayo haikulingana na matumizi yoyote halisi?