Mkataba wa Nile bila Misri: je, utasuluhisha lolote?

Mleta mada: Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuuridhia. Misri na Sudan zinashikilia makubaliano yao ya 1959, yaliyoigawia Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5 kwa mwaka, bila kuzitengea nchi za juu ya mto chochote. Mkataba usiotiwa saini na mdai mkubwa utamaliza ugomvi gani?

Mzee wa Kahama: Mwalimu Nyerere alilijibu hilo mwaka 1962, alipotamka kuwa Tanganyika huru haifungwi na makubaliano ya Nile ya 1929 yaliyofanywa na Mwingereza na Misri. Huku kwetu akina mama walikuwa wakifukua mchanga wa mto mkavu na kuchota kwa kata, mpaka bomba la Ihelele likaleta maji ya Ziwa Victoria, linalolisha Nile. Tungengoja ruhusa ya Cairo, wangekuwa wanafukua hadi leo. Wakenya nao, kama kawaida yao, walitia saini mwaka 2010 kisha wakanyamaza.

Wakili wa Bonde: Fundo liko kwenye ibara ya 14(b) ya mkataba. Nchi za juu zilikubali kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka matumizi na haki zake za sasa zitajwe waziwazi. Pasipofunguliwa hapo, tume ya bonde inayoundwa na mkataba huo itakuwa ya upande mmoja.

Jirani wa Kisumu: Mzee wangu, hiyo "kama kawaida yao" ilikuwa ya nini? Mito yetu ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu yote inamimina maji katika ziwa hilo hilo mlilolitia bomba. Kuridhia ni kazi ya bunge, si ya washabiki.

Binti Musoma: Mbona mto Mara umeuruka, kaka? Unaanzia Mau, msitu mliougawa mashamba, nasi wa chini tunapokea tope masika na mchanga mtupu kiangazi. Mnachotutendea Mara ndicho mnachoogopa kutendewa na nani?

Jirani wa Kisumu: Watu waliondolewa Mau kwa nguvu, dada, na wengine walilala barabarani kwa ajili ya mto huo unaoulilia. Nanyi kwenye machimbo ya dhahabu ya Tarime mmemwondoa nani?

Mleta mada: Ndugu zangu, niliuliza kuhusu Misri.

Mzee wa Kahama: Misri itasubiri. Kwanza huyu kijana aeleze nani hapa ni mshabiki.